Mlo na Lishe: Historia ya Mwili na Lawama katika Kenya ya Karne ya Ishirini

UTANGULIZI

Katika Kiswahili mambo ya kula yamesimama juu ya vitenzi viwili. Cha kwanza ni -la, ambacho kimezaa nomino mlo. Cha pili ni -lisha, yaani kumfanya mwingine ale, nacho kimezaa lishe na malisho. Kiambishi -o kilicho mwishoni mwa mlo hutaja tendo, namna yake au zao lake; ndicho kilichomo katika mwendo na mchezo. Kiambishi -e kilicho mwishoni mwa lishe ni cha namna nyingine. Katika maneno kama mtume, mteule, kiumbe na mshinde, kiambishi hicho humtaja aliyepatwa na tendo: aliyetumwa, aliyeteuliwa, aliyeumbwa, aliyeshindwa. Basi mlo ni habari ya mlaji peke yake, lakini lishe ni habari ya mlaji pamoja na yule aliyemlisha.

Tofauti hii ya kisarufi yafaa iwe mlango wa kuingilia suala la kihistoria ambalo kwa kawaida huachiwa matabibu. Mwili wa mtu unapokonda au kunenepa kupita kiasi, ni nani apaswaye kuulizwa: yule aliyekula, au yule aliyelisha? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nchini Kenya, kwa muda wa karibu karne nzima, swali hilo liliulizwa kwa mlaji, ilhali mambo yaliyoupunguza na kuuongeza uzito wa mwili wake yalikuwa zaidi mikononi mwa wengine: mwajiri, serikali, mwenye ardhi na mwenye kinu. Makala hayadai kwamba mtu hana wajibu wowote juu ya mwili wake. Yanadai kwamba wajibu huo una mipaka, na kwamba mipaka hiyo haiwezi kuonekana pasipo kuitazama historia.

POSHO

Neno posho, kwa matumizi yake ya zamani, halikuwa jina la chakula fulani. Lilimaanisha fungu: kiasi cha chakula apewacho mtu na yule anayemtumikia, awe mpagazi katika msafara, askari au kibarua shambani. Apewaye posho hachagui. Kwa hiyo ni jambo la kuzingatiwa kwamba nchini Uganda neno hilohilo liliishia kuwa jina la ugali wenyewe. Pale ambapo jina la fungu la mtumishi limegeuka kuwa jina la chakula cha nyumbani, lugha imekwisha kuandika historia ambayo wenyewe wanaoisema huenda wameisahau.

Mahindi, ambayo ndiyo yaliyokuja kuwa posho, si nafaka ya asili ya Afrika Mashariki. Jina lake linaukiri ugeni huo, ingawa linamsingizia Mhindi kile kilichotoka Marekani na kuletwa pwani katika zama za Wareno. Huko bara, kwa muda mrefu baada ya hapo, nafaka kuu zilibaki kuwa mtama, wimbi na mawele, nazo ziliandamana na kunde, mbaazi, viazi vikuu, ndizi na mboga za majani.

Vita vya 1914–1918 ndivyo vilivyoyapandisha mahindi daraja. Serikali ya Kiingereza ilikusanya mamia ya maelfu ya Waafrika ili wawe wapagazi wa jeshi. Jina la kikosi chao, baada ya kutoholewa, limebaki hadi leo katika mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi. Vifo vilivyoandikwa katika hesabu za serikali vilizidi 40,000, na wanahistoria wengi wanakisia kwamba idadi ya kweli ilikaribia 100,000. Wengi wa watu hawa hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na maradhi, na miongoni mwa maradhi hayo kuhara damu kulichukua nafasi ya mbele. Sababu moja kubwa ilikuwa unga: mahindi yaliyosagwa kwa ukwaru, yakapikwa kwa haraka pasipo kuni wala masufuria ya kutosha, kisha yakaliwa nusu mabichi na watu ambao wengi wao hawakuyazoea. Hata pale madaktari wa jeshi walipoitambua hitilafu hiyo, aliyeweza kuirekebisha hakuwa mpagazi. Uhai wake ulikuwa juu ya kinu, sufuria na amri, na vyote hivyo havikuwa vyake.

Vita vilipokwisha, posho haikwisha. Sheria za ardhi za 1902 na 1915 zilikuwa zimekwisha kuifanya ardhi ya Waafrika kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, na hukumu ya mahakama ya mwaka 1921 ikathibitisha kwamba wenyeji wa maeneo waliyotengewa walikaa humo kwa hisani tu. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu. Sheria ya kipande, iliyopitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya vita, ilimfunga mwanamume kwa mwajiri wake. Matokeo yake ni kwamba maelfu ya wanaume waliishi sehemu kubwa ya mwaka mbali na mashamba yao, wakila fungu la mwajiri: kwa kawaida takriban ratili mbili za unga wa mahindi kwa siku, pengine na chumvi na maharagwe, mara chache nyama.

Mwajiri aliyapenda mahindi kwa sababu zilizo wazi. Yalikuwa rahisi kusafirisha, yalidumu ghalani, yalizalishwa na walowezi wenyewe, na yalijaza tumbo kwa bei nafuu. Kujaza tumbo, hata hivyo, si kulisha. Kiswahili hutenganisha kushiba na kunawiri. Kushiba ni hali ya tumbo baada ya mlo mmoja. Kunawiri ni hali ya mwili mzima baada ya miezi na miaka. Posho ililenga la kwanza, na mara nyingine hata hilo haikulifikia.

MIZANI YA MWAKA 1931

Mnamo 1931 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha taarifa ambayo ilikuja kutajwa sana katika historia ya sayansi ya lishe barani Afrika. Waandishi wake walikuwa wawili: John Boyd Orr, mkuu wa Taasisi ya Rowett huko Aberdeen, na John Gilks, mkuu wa idara ya tiba nchini Kenya. Walilinganisha miili ya Wamasai na ya Wakikuyu. Taarifa ilisema kwamba mwanamume Mmasai, kwa wastani, alimzidi mwanamume Mkikuyu kwa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito, yaani karibu sentimita 13 na kilo 10, na kwamba alimshinda pia kwa nguvu za misuli. Kwa upande wa Wakikuyu waliorodhesha kasoro za mifupa, meno mabovu, upungufu wa damu, vidonda na maradhi ya mapafu. Kwa Wamasai waliona zaidi maradhi ya viungo na kufunga choo. Sababu waliyoitoa ilikuwa chakula: Mmasai aliishi kwa maziwa, nyama na damu, Mkikuyu kwa nafaka, viazi na ndizi.

Yafaa kukumbuka kwamba Taasisi ya Rowett ilikuwa ya utafiti wa lishe ya wanyama. Orr alilifikia suala la Kenya kwa njia ya mifugo na madini yaliyomo katika majani ya malishoni. Hapa udugu wa maneno lishe na malisho haukuwa wa kisarufi tu. Mbinu ilihama kutoka zizini hadi kijijini: pima kimo, pima uzito, tazama kinachotiwa horini. Lakini mfugaji anayeona ng'ombe wake wamekonda hawalaumu ng'ombe kwa mila zao. Huuliza habari za malisho: yako wapi, ni ya nani, na nani ameyafunga. Swali hilo ndilo lililokosa uzito katika taarifa ya 1931.

Ni kweli kwamba waandishi wale walikuwa na macho makali. Waliona, kwa mfano, kwamba wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani ambazo wanaume hawakuzijali, na kwamba tofauti baina ya wanawake wa jamii hizo mbili ilikuwa ndogo kuliko ile ya wanaume. Hata hivyo, jamii zote mbili zilichukuliwa kana kwamba ziko nje ya wakati, kila moja na mlo wake wa tangu na tangu. Wakikuyu waliopimwa walikuwa watu waliokwisha kupoteza sehemu ya ardhi yao, na ambao wanaume wao wengi waliingia na kutoka katika mashamba ya walowezi. Wamasai nao walikuwa wamehamishwa mara mbili kwa mikataba ya 1904 na 1911. Mwanahistoria Cynthia Brantley, alipoirudia taarifa hiyo katika uchunguzi uliochapishwa 1997, alilitilia shaka hitimisho kwamba mlo wa asili wa Wakikuyu ndio uliokuwa chanzo cha udhaifu ule. Kilichoitwa mila kilikuwa, kwa sehemu, matokeo ya miaka michache iliyotangulia kufika kwa mizani.

MTAALAMU MMOJA, NCHI MBILI

Uzito wa hoja hii huonekana vizuri zaidi mtu anapomfuata Orr huyohuyo hadi kwao Uingereza. Mwaka 1936 alichapisha kitabu chake mashuhuri kuhusu chakula, afya na kipato. Humo aliwagawa wananchi wa Uingereza katika mafungu sita kwa kadiri ya kipato, akapima kila fungu lilikula nini. Fungu la chini kabisa, la watu wapatao milioni 4 na nusu, lilitumia kiasi cha shilingi 4 kwa kila mtu kwa wiki katika chakula. Hitimisho lake liliwashtua wengi: mlo unaotosha kabisa kwa afya haukupatikana kwa nusu ya wananchi wa nchi ile, na kilichowazuia hasa kilikuwa kipato. Alionyesha pia kwamba watoto wa shule za wenye uwezo walikuwa warefu kuliko watoto wa rika lao katika shule za watu wa kawaida.

Basi mwenye kulinganisha atauliza: kwa nini tofauti ya vimo huko Uingereza ilielezwa kwa mshahara, na tofauti ya vimo huko Kenya ikaelezwa kwa kabila? Haitoshi kusema kwamba mtaalamu alikuwa na chuki. Orr alikuwa mtu aliyewatetea maskini kwa dhati. Alikuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 1945, na akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1949. Maelezo yanayofaa zaidi ni kwamba nchini kwake alimwona mlishaji. Mshahara, kodi ya nyumba na bei ya maziwa vilikuwa mbele ya macho yake. Nchini Kenya mlishaji alikuwa ni serikali yenyewe iliyompokea, na si rahisi mgeni kumpima mwenyeji wake.

Kamati ya serikali ya Uingereza iliyotoa taarifa juu ya lishe katika makoloni yote mwaka 1939 ilitaja sababu za namna mbili: umaskini kwa upande mmoja, na ujinga pamoja na mila kwa upande mwingine. Katika utekelezaji sababu hizi hazikuwa na gharama sawa. Kuutibu umaskini kulihitaji kupandisha mishahara na kugusa ardhi. Kuutibu ujinga kulihitaji mwalimu, ubao na picha ya karoti. Si ajabu kwamba dawa ya pili ndiyo iliyopendwa. Ilipofika 1954, kamati ya serikali nchini Kenya iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ikiongozwa na Carpenter, ilikiri kwamba sehemu kubwa ya wafanyakazi wa mijini hawakulipwa fedha za kukidhi mahitaji ya msingi ya afya, na kwamba mshahara ulikuwa umekadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume kapera asiye na mke wala mtoto. Kwa maneno mengine, watoto waliofundishiwa mama zao habari za mlo kamili walikuwa hawamo kabisa katika hesabu ya mshahara wa baba zao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hapa, hata alipomjua, hakumhesabu.

KUTOKA KAVIRONDO HADI NAIROBI

Hadi hapa habari imekuwa ya kukonda. Lakini karne ileile iliyoanza kwa mizani ya wembamba iliishia kwa mizani ya unene, na hoja ya lawama ikahama pamoja nayo.

Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison alichapisha katika jarida la tiba la Lancet matokeo ya kuwapima watu wapatao 1,000 katika Kavirondo Kusini. Aliona kwamba shinikizo la damu halikupanda kwa kadiri ya umri kama lilivyopanda kwa Wazungu. Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka huohuo na baadaye kufanya kazi Mulago, Uganda, alitumia miaka mingi akitibu maradhi ya watoto waliokosa protini, ambayo leo Kiswahili huyaita unyafuzi. Mtaalamu huyohuyo, katika kitabu chake cha mwaka 1960, aliorodhesha maradhi ambayo yalikuwa haba miongoni mwa Waafrika aliowatibu ingawa yalienea Ulaya. Orodha hiyo ilikuwa na onyo ndani yake. Kilichokosekana kwa sababu ya namna ya maisha kingeweza kuja pamoja na namna nyingine ya maisha.

Na kilikuja. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya Waluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya na kwenda kuishi Nairobi. Wahamiaji hao walilinganishwa na wenzao wa rika na sehemu zilezile waliobaki nyumbani. Katika muda wa miezi michache tu shinikizo la damu la waliohama lilikuwa juu zaidi. Walikuwa wazito zaidi, na mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi kwa kulinganishwa na potasiamu, madini yapatikanayo kwa wingi katika mboga, matunda na viazi.

Uchunguzi huu una thamani kubwa kwa mjadala wa wajibu. Watu wale hawakuwa wazembe walipokuwa kijijini wala hawakugeuka wazembe walipopanda basi. Kilichogeuka ni kile kilichowazunguka. Mboga iliyochumwa nyuma ya nyumba sasa ilikuwa na bei. Unga ulitoka dukani, mweupe, uliokobolewa, bila kiini wala wishwa. Kuni zikawa mafuta ya taa ya kununua, na chakula kinachochemka kwa saa nyingi, kama vile githeri au maharagwe, kikawa cha gharama kuliko kilichokaangwa kando ya barabara.

Unga ule mweupe nao una historia yake. Udhibiti wa mahindi ulianzishwa na serikali mwaka 1942 wakati wa vita, na kwa miongo mingi baadaye biashara ya nafaka ilipitia katika mikono ya serikali na ya vinu vikubwa. Mbegu ya kwanza ya mahindi chotara ya Kitale iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964 iliongeza mavuno na kuzidi kuusukuma mtama na wimbi pembeni. Sukari, iliyoanza kusindikwa kiwandani huko Miwani mwaka 1922, ilizidi kuenea kilipofunguliwa kiwanda cha Mumias mwaka 1973. Haya yalikuwa maendeleo ya kweli, na wengi waliokolewa na njaa kwa sababu yake. Lakini yalikuwa maamuzi ya nchi, si ya mlaji mmoja mmoja aliyesimama mbele ya rafu ya duka.

Matokeo yake yalionekana katika uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2014. Wanawake 33 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Katika uchunguzi uleule, watoto 26 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Udumavu ulipungua hadi 18 katika kila 100 kufikia mwaka 2022, lakini picha ya nchi moja yenye miili iliyozidi na miili iliyopungukiwa kwa wakati mmoja haikufutika. Mama mnene na mtoto aliyedumaa waweza kuishi chini ya paa moja na kula sahani moja. Aelezaye unene kwa uroho na udumavu kwa ujinga atakuwa amewatia watu wa nyumba moja makosa mawili yanayopingana.

LUGHA YA KAMPENI

Serikali zilizopata uhuru zililijua suala hili, na Kiswahili kilikuwa chombo chao. Nchini Tanzania, mwaka 1973, ziliendeshwa juhudi kubwa za redio na vikundi vya kujifunza zilizoitwa Mtu ni Afya, ambazo ziliwafikia watu wapatao milioni 2. Mwaka huohuo ilianzishwa kwa sheria Taasisi ya Chakula na Lishe, na neno lishe likapata makao katika jina la chombo cha dola. Mwaka 1975 zikafuata juhudi za Chakula ni Uhai.

Majina haya mawili yana muundo mmoja: nomino mbili zimeunganishwa na kitenzi kishirikishi ni, bila mtenda wala mtendwa. Muundo huo una nguvu kwa sababu haumlaumu yeyote. Lakini una udhaifu pia, kwa sababu haumdai yeyote. Chakula ni uhai, ndiyo. Lakini ni nani aliyekichukua, ni nani aliyekigawa, ni nani aliyekosa? Juhudi za 1975 zilikuja baada ya miaka ya ukame na ya watu kuhamishiwa katika vijiji, wakati nchi ilipolazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka ng'ambo. Mkulima aliyesikia redioni habari za mlo kamili aliyajua mengi ambayo redio haikuyataja.

Nchini Kenya, mwaka 1979, Rais Daniel arap Moi alianzisha mpango wa kuwapa wanafunzi wa shule za msingi maziwa bila malipo, nayo yakaitwa maziwa ya Nyayo. Vyovyote iwavyo juu ya siasa iliyouzunguka, kwa mtazamo wa makala haya mpango huo ni mfano safi wa kitenzi -lisha: serikali ilikubali kuwa mtenda wa sentensi. Ulipokoma, wajibu ulirudi kwa mzazi, lakini bei ya maziwa haikurudi pamoja nao.

Kampeni za miongo ya karibuni, zinazohusu kisukari na shinikizo la damu, zimechagua muundo mwingine: amri ya nafsi ya pili umoja. Punguza uzito. Punguza chumvi. Fanya mazoezi. Kula mboga. Ushauri huo kwa kitabibu ni sahihi, na wala si kusudi la makala haya kuupinga. Linalotazamwa ni sarufi yake. Amri ya umoja humtenga msikilizaji na jamaa, kazi, mtaa na mshahara wake, ikamwacha amesimama peke yake na sahani yake.

MWILI KAMA USHAHIDI

Hatari ya sarufi hiyo ni kwamba mwili hugeuka ushahidi dhidi ya mwenyewe. Zamani, katika sehemu nyingi za nchi, kumwambia mtu kwamba amenawiri au amenenepa ilikuwa ni kumsifu: ilimaanisha nyumbani kwake kuna amani na chakula. Kitambi cha mzee kilisomwa kama hati ya mali. Kukonda kulisomwa kama msiba. Katika miaka ya 1980 usomaji huo ulipata sura ya kutisha. Ukimwi ulipozuka Uganda, watu waliuita kwa neno la Kiingereza la wembamba, na mwaka 1985 jina hilo likaingia katika majarida ya tiba. Tangu hapo mtu aliyepungua uzito, kwa kisukari, kwa kifua kikuu au kwa huzuni tu, alitazamwa kama aliyehukumiwa, na hukumu yenyewe ilikuwa juu ya mwenendo wake.

Leo, miongoni mwa wasomi na watu wa mijini, unene ndio umeanza kuchukua nafasi hiyo. Mnene husemwa hana nidhamu. Majirani walewale waliomnong'ona aliyekonda humcheka aliyenenepa, na katika hali zote mbili imani ni ileile: kwamba uzito wa mwili ni cheti cha tabia.

Sayansi haiungi mkono imani hiyo. Njaa iliyowapata Waholanzi katika majira ya baridi ya 1944–1945, chini ya utawala wa Wajerumani, iliacha kumbukumbu ambazo watafiti walizichambua baadaye. Uchunguzi uliotolewa 1976 ulionyesha kwamba vijana ambao mama zao walikumbwa na njaa hiyo katika nusu ya kwanza ya mimba walikuwa na unene wa kupindukia zaidi kuliko wenzao. Mtu wa miaka 19 alibeba mwilini mwake uamuzi wa jeshi lililofunga njia za chakula kabla hajazaliwa. Kenya haikukosa njaa zake, ya 1918 na ya 1943 zikiwamo. Kama mwili waweza kukumbuka njaa ambayo mwenye mwili hakuionja, basi hesabu ya lawama haiwezi kuanzia mezani.

MIPAKA YA WAJIBU

Je, inafuata kwamba mtu hana wajibu? La. Kuna makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kumfanya mlaji kuwa chanzo cha yote. Hilo limekwisha kujadiliwa. La pili ni kumfanya mlaji kuwa si kitu. Neno lishe lenyewe lina hatari hiyo ndani yake, kwa kuwa ni ndugu wa malisho. Anayezungumza daima kwa kitenzi -lisha aweza kusahau kwamba anenaye habari zake ni mtu mwenye akili, ladha, imani na heshima, wala si mnyama wa zizini. Mwajiri wa 1925 naye alikuwa mlishaji, na alijiona ametimiza wajibu wake alipopima ratili mbili za unga.

Kipimo cha haki chaweza kujengwa kwa maswali matatu, yaulizwayo kwa utaratibu. Je, mtu alijua? Je, aliweza? Je, alikuwa na cha kuteua? Mpagazi wa 1917 huenda alijua kwamba unga ule haukuiva, lakini hakuweza kitu. Kibarua wa 1930 huenda angeweza kula vinginevyo kama angekuwa kwao, lakini kipande kilimzuia kuondoka. Mhamiaji wa Nairobi aliweza kununua, lakini kilichokuwamo katika uwezo wake kilikuwa kichache, na mengi kuhusu chumvi iliyofichwa ndani ya vyakula hakuyajua. Mhadhiri wa chuo kikuu mwenye gari, mshahara wa kila mwezi na daktari wa kumwuliza anaweza kuyajibu maswali yote matatu kwa ndiyo. Huyo wajibu wake ni mkubwa, na asijifiche nyuma ya historia ya wapagazi. Wajibu hupanuka kwa kadiri uwezo unavyopanuka. Kuwadai wote sawa si usawa, bali ni kuwatoza walio na kidogo kodi ya walio na kingi.

HITIMISHO

Makala haya yameanza kwa viambishi viwili, na yafaa yaishie katika lugha. Wanaotafsiri mabango ya afya, wanaotunga istilahi za tiba na wanaoandika vitabu vya shule ni wanafunzi wa idara za lugha, au walimu wao. Kila mara wanapochagua baina ya mlo na lishe, baina ya amri ya umoja na sentensi yenye mtenda anayejulikana, wanaamua pia lawama itamwangukia nani. Istilahi utapiamlo, iliyokubalika kote, imejengwa juu ya mlo, si juu ya lishe. Humtaja aliyekosa, haimtaji aliyenyima. Si lazima ibadilishwe. Lakini aifundishaye darasani na aifundishe pamoja na historia yake.

Kiswahili kina umbo la tatu ambalo kampeni za afya zimelitumia kwa nadra mno. Ni -lishana: kulisha na kulishwa kwa zamu. Ndivyo zilivyoishi nyumba nyingi kabla ya posho na ndivyo zinavyoishi nyingi hata sasa, jirani akimpelekea mwenzake mboga, binti wa mjini akituma fedha za unga, nyanya wa kijijini akirudisha gunia la viazi kwa basi la jioni. Katika umbo hilo kila mmoja ni mtenda na kila mmoja ni mtendwa. Swali linalobaki kwa watunga sera ni kama dola nayo iko tayari kuingia katika kitenzi hicho kama mshiriki, au itaendelea kusimama kando na kumwagiza mwananchi apunguze uzito.